Kufufua Gari la Zamani Mtinko: Maji Kwanza, Rangi Mwisho

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha katika tamasha lililofuatiliwa nchi nzima. Tangu hapo, gari lililotelekezwa nyuma ya nyumba miaka 20, kuku wakitagia kwenye viti vyake, limeanza kutazamwa kwa jicho jingine. Katika kata kama Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, mwenye gari la namna hiyo anaweza kupewa ushauri wa aina tatu ndani ya wiki moja. Mnunuzi wa chuma chakavu anataka kulipima kwa kilo. Fundi wa mjini anashauri injini ing'olewe, iwekwe ya Toyota. Kijana aliyeona picha za Arusha anasema lisiguswe kitu, hiyo ni hazina, linahitaji rangi tu.

Wote watatu wana hoja, na kila mmoja ameacha jambo. Uchambuzi huu unazipanga hoja hizo kando kwa kando, kisha unazipima kwa mizani ya mtu anayekusudia kuifanya kazi nyumbani, mbali na gereji kubwa. Mfano mkuu ni Land Rover za Series, ingawa mengi yanahusu pia Peugeot 504, Datsun na Land Cruiser za miaka ya 1970. Hoja inayotetewa ni hii: katika ukanda mkavu wa Singida, gari la zamani huuawa na maji yanayozunguka ndani ya injini mapema kuliko kutu inayoonekana nje. Mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama fedha itarudi au itapotea.

Magari haya yalifikaje, na kwa nini yalisimama

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo watengenezaji waliunda bodi kwa mchanganyiko wa aluminiamu ulioitwa Birmabright, wakaiweka juu ya chesisi ya chuma. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Huku kwetu zilitumiwa na serikali, misheni, mashamba na makampuni ya utalii. Magari mengine yalijipatia jina kwenye mbio za Safari zilizoanza 1953: Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi huo uliwaambia wanunuzi wa Afrika Mashariki kwamba gari hilo linahimili vumbi na mashimo.

Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, uliozidishwa na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uliadimisha spea. Hapo ndipo mafundi wa Tanzania walipojifunza kuchonga bushi, kulehemu rejeta na kukata gasketi kwa mkono. Kuanzia 1984, biashara ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa, magari ya Japani yaliyotumika yalianza kumiminika. Spea za Toyota zikapatikana hadi madukani mikoani, za Uingereza zikabaki za kuagizwa. Magari mengi ya zamani hayakusimama kwa kuchoka. Yalisimama kwa kukosa kifaa kimoja.

Mabadiliko mawili ya baadaye yanahusu uamuzi wa leo moja kwa moja. La kwanza ni kuondolewa kwa petroli yenye risasi, iliyokoma kutumika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu katika injini za petroli za zamani. Injini inayoamshwa leo inahitaji kukaguliwa hapo. La pili ni bajeti ya 2017/18, iliyofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, pamoja na kusamehe madeni ya nyuma. Kabla ya hapo, gari lililosimama lilizidi kulimbikiza deni hata kama tairi zake zilikuwa zimezama ardhini. Kizuizi hicho hakipo tena, na ndiyo sababu mojawapo swali la kufufua linaulizwa upya.

Msimamo wa kwanza: liuzwe kama chuma chakavu

Hoja ya msimamo huu ni ya hesabu. Fedha inayopatikana leo ni ya uhakika, inaweza kulipa ada ya shule au kuchangia ununuzi wa pikipiki inayoingiza kipato kesho yake. Gari bovu linashika nafasi uani, na kila msimu wa mvua unapopita, thamani yake inashuka.

Udhaifu wake ni kwamba mizani ya kilo haioni tofauti. Mizani inahesabu chesisi nzima sawa na chesisi iliyooza, na gia boksi inayofanya kazi sawa na kipande cha reli. Bodi ya aluminiamu huwa na bei ya juu kuliko chuma, lakini mwenye gari asiyelijua hilo huuza vyote kwa bei ya chuma. Tena uamuzi huu haurudishwi. Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda ilipitisha kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijafunga mlango kiasi hicho, lakini ni nadra mtu kuagiza Land Rover ya 1968 kutoka nje kwa matumizi ya kijijini. Zilizomo nchini ndizo zilizopo.

Msimamo wa pili: libaki kama lilivyozaliwa

Wanaoutetea msimamo huu wanasema thamani ya gari la kale iko katika uasilia wake: injini yake, rejeta yake ya shaba, hata ribiti zake. Wana haki kwa sehemu mbili. Kwanza, wakusanyaji wa magari duniani hulipa zaidi kwa gari ambalo namba za injini na chesisi zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, na tangu Land Rover ya mwisho ya ukoo huo itoke kiwandani Solihull Januari 2016, hamu hiyo haijapungua. Pili, injini ya Series ya lita 2.25 ni rahisi kuelewa. Haina kompyuta, na fundi mwenye spana, jeki na subira anaweza kuifungua chini ya mti.

Gharama ya uasilia hulipwa kwa muda na umbali. Kutoka Singida hadi maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ni karibu kilomita 700. Arusha iko karibu zaidi, takriban nusu ya umbali huo kwa lami kupitia Babati, na ndiko utaalamu wa Land Rover ulikobaki kwa sababu ya utalii. Hata hivyo kila pampu ya maji au silinda ya breki ni safari au mzigo wa basi. Bei ya mkusanyaji wa ng'ambo nayo haina maana mpaka awepo mnunuzi anayeweza kufika na kulipa. Mkulima anayetaka kubeba magunia ya alizeti hadi mashineni hali uasilia.

Msimamo wa tatu: injini ya Toyota kwenye bodi ya zamani

Hii ndiyo njia ya kati, na imeenea sana. Injini ya dizeli ya Toyota inakunywa mafuta kidogo kuliko ile ya petroli ya Series, na spea zake, kuanzia chujio hadi gasketi ya hedi, zinapatikana Singida mjini. Kwa gari la kazi, hoja hii ina uzito mkubwa.

Hata hivyo injini ni sehemu moja ya mfumo. Nguvu ikiongezeka, breki za ngoma zilizoundwa kwa mwendo wa 1965 hazibadiliki zenyewe, na ekseli za nyuma za Series hukatika zikibebeshwa nguvu kupita kiasi. Kiungo kati ya injini na gia boksi kikichongwa bila kipimo, klachi hula upande mmoja. Kadi ya gari nayo inaonesha namba ya injini, kwa hiyo injini ikibadilika taarifa za usajili lazima zirekebishwe, la sivyo kuuza gari au kudai bima kutageuka kesi. Na kuna kosa linalojirudia kuliko yote: injini mpya inawekwa nyuma ya rejeta ya zamani iliyoziba, feni ikiwa chini au pembeni mwa eneo la kupozea. Gari linachemsha, lawama inapewa Toyota. Kubadili injini bila kushughulikia upoozaji ni kuhamisha ugonjwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Kwa nini gari linachemsha: suala la maji

Hapa ndipo misimamo yote mitatu inapokutana. Mwenye kuuza huuza kwa sababu gari lilichemsha likaua hedi, mpenzi wa uasilia hukwama hapohapo, na anayebadili injini hurithi tatizo.

Chanzo cha kwanza kiko ardhini. Singida ni nchi ya maji magumu. Maziwa ya Singidani na Kindai, kando ya mji, ni ya chumvi, na visima vingi vya mkoa vina madini mengi. Maji hayo yakipashwa moto kila siku ndani ya injini huacha utando mgumu, kama ule unaoonekana ndani ya birika. Utando mwembamba tu kwenye mirija ya rejeta huzuia joto kutoka, na chumvi huharakisha kula shaba, chuma na aluminiamu vinapogusana.

Chanzo cha pili ni mwinuko. Katika takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta, hata ule wa shinikizo dogo wa magari ya zamani, hupandisha kiwango hicho kwa nyuzi kadhaa. Mfuniko uliochoka, au uliofungwa kwa kipande cha mpira, unaondoa akiba hiyo yote. Kifaa hiki cha bei ndogo ndicho kinachosahaulika kwanza.

Chanzo cha tatu ni njia yenyewe. Gari lililosheheni, likipanda mchangani kwa gia ya pili huku upepo wa Singida ukivuma kutoka nyuma, halipati hewa ya kutosha kwenye rejeta. Hapo feni, mkanda wake na kava linaloelekeza hewa ndivyo vinavyookoa injini.

Mjadala mkubwa miongoni mwa mafundi ni themostati. Wengi huitoa na kuitupa. Sababu yao ina mantiki: themostati feki ikikwama imefungwa, hedi inapinda ndani ya dakika chache, na nchi yetu ina joto. Lakini kuitoa kuna bei yake. Injini hufanya kazi ikiwa baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai, mafuta yanaungua vibaya na silinda zinalika haraka. Zaidi ya hayo, injini nyingi zina njia ya mkato ya maji ambayo themostati huiziba ikifunguka. Ikiondolewa, sehemu ya maji moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari huchemsha zaidi. Suluhisho lina gharama ya kuni tu: itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Ikianza kufunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga yakipoa, irudishwe. Isipofanya hivyo, inunuliwe nyingine na ijaribiwe kwanza hivyohivyo.

Kuhusu rejeta yenyewe, gari la zamani lina faida ambayo gari jipya halina. Rejeta yake ni ya shaba, kwa hiyo tangi la juu linaweza kufunguliwa, mirija ikazibuliwa na kulehemiwa upya. Zile za plastiki na aluminiamu mara nyingi hutupwa. Yai bichi au unga wa bizari vinaweza kumfikisha msafiri nyumbani, lakini vikiachwa vinaziba mirija mizima pamoja na tundu. Kuosha kwa asidi ya ndimu iliyoyeyushwa kunatosha kwa utando wa kawaida. Maji ya betri yasitumike, kwa kuwa hula lehemu na shaba.

Kisha maji ya kujaza. Kulanti hupunguza kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, lakini ikichanganywa na maji ya kisima chenye chumvi, nusu ya faida inapotea. Mtinko ina jibu lililo juu ya kila nyumba ya bati: maji ya mvua. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi, zinazofuata zikingwe kwenye ndoo safi. Ndoo mbili za Januari zinatosha gari kwa mwaka mzima.

Kabla ya yote hayo, hedi ikaguliwe. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiwaka, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili kwamba gasketi imeungua au hedi imepinda au kupasuka. Hapo rejeta mpya haitasaidia, na kazi ya kusawazisha hedi inahitaji mashine ya mjini. Na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto. Mvuke ule umeunguza nyuso za watu wengi.

Bodi na chesisi: kutu ya wapi ina hatari?

Ukavu wa Singida ni mtaji. Gari lililokaa miaka 20 Tanga au Unguja huwa limeliwa na hewa ya chumvi. La Mtinko mara nyingi limechunwa rangi na jua, lakini mifupa ipo. Hatari imejificha palipokaa tope na unyevu: ndani ya chesisi, chini ya miguu ya dereva, na kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, ila inapokutana na chuma penye maji na chumvi hugeuka unga mweupe. Kwa hiyo bodi inayong'aa inaweza kufunika chesisi iliyooza, na bodi iliyobonyea inaweza kukaa juu ya chesisi salama. Nyumba njema si mlango.

Kipimo cha nyumbani ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kopo, na bisibisi huzama. Baada ya hapo zinashindana njia mbili. Ya kwanza ni puti: rahisi, haraka, haihitaji umeme. Mahali pake ni mbonyeo mdogo kwenye mlango. Puti juu ya kutu hunyonya unyevu na kuivundika, na puti kwenye chesisi ni udanganyifu unaoweza kuua abiria. Njia ya pili ni kukata sehemu iliyooza hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea bamba la unene uleule. Ni ya gharama na polepole, lakini ndiyo pekee inayostahili kwa sehemu inayobeba uzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye chesisi ufa huzibwa kwa chuma.

Aluminiamu ina taratibu zake. Haiungwi kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea milango na mageti, kwa hiyo kijijini kiraka cha ribiti na gundi ya kuzuia maji ni bora kuliko jaribio la moto litakaloyeyusha bodi. Kuinyoosha nako kuna siri, kwa sababu kadiri inavyogongwa ndivyo inavyokuwa ngumu na kupasuka. Mafundi wa zamani huipaka sabuni ya kipande, wakaipasha moto taratibu mpaka sabuni ibadilike kuwa nyeusi, kisha wanaiacha ipoe na kuigonga ikiwa imelainika. Sabuni hapo ni kipimajoto.

Rangi inakuja mwisho, na Singida upepo ndio mpinzani wake. Kazi ifanyike alfajiri kabla haujaamka, sakafu imwagiwe maji ya kutuliza vumbi, na praima ya kuzuia kutu itangulie. Rangi nzuri ikipigwa kabla ya kuchomelea itaunguzwa na cheche, na gharama italipwa mara mbili.

Nini kifanyike nyumbani, nini kipelekwe mjini

Kufanya kazi nyumbani kuna faida tatu: mwenye gari analipa kadiri anavyopata, anajua kilichofungwa ndani, na vijana wa nyumbani wanajifunza ufundi. Hasara yake ni vifaa na usalama. Kufungua, kusafisha, kukagua, kuosha rejeta, kubadili mipira ya maji, kunyoosha bodi na kupaka rangi vinawezekana uani. Kusawazisha hedi, kulehemu rejeta, kazi kubwa ya kuchomelea chesisi na matengenezo ya breki vipelekwe kwa fundi mwenye mashine na uzoefu.

Masharti machache hayana mjadala. Gari lisikae juu ya jeki peke yake mtu akiwa chini. Liwekewe magogo au stendi imara. Tangi la mafuta litolewe kabla ya kuchomelea, hata kama ni tupu, maana mvuke wake hulipuka. Nyaya za betri zifunguliwe.

Kupima misimamo

Chesisi ndiyo hakimu wa kwanza. Ikiwa imeoza sehemu nyingi na breki, gia boksi na injini vyote vimekufa, anayeshauri kuuza ana haki, lakini auze kwa vipande, aluminiamu kando, gia boksi kando.

Chesisi ikiwa nzima, swali linahamia kwenye matumizi. Gari la kupanda mara chache, la ukumbusho wa familia au la kupeleka kwenye tamasha, lina sababu ya kubaki na injini yake: mahitaji ya spea ni madogo na thamani inalindwa. Gari la kubeba mazao kila wiki lina sababu ya kupata injini ambayo spea zake ziko Singida, mradi rejeta, feni na breki zihesabiwe ndani ya bajeti ya kubadili injini tangu mwanzo. Katika hali hiyo injini ya awali isiuzwe. Ikifungwa vizuri na kuhifadhiwa, mlango wa kurudi kwenye uasilia unabaki wazi kwa watoto.

Upande wa fedha, kosa la kawaida ni kuanza na kinachoonekana. Rangi huleta pongezi siku ya kwanza, upoozaji hauonwi na mtu. Lakini gari lenye rangi iliyopauka na maji safi litafika Singida na kurudi, na lenye rangi mpya na rejeta iliyoziba litavutwa kwa kamba.

Muhtasari

Mkanganyiko uliofuata msisimko wa Arusha unatokana na watu kujibu maswali matatu tofauti kana kwamba ni moja. Mnunuzi wa chakavu anajibu thamani ya leo, mpenzi wa uasilia anajibu thamani ya kumbukumbu, fundi wa injini anajibu kazi ya kesho. Mwenye gari aanze kwa nyundo chini ya chesisi, kisha ajiulize gari litafanya kazi gani. Jibu likiwa kufufua, kwa injini yoyote ile, mpangilio ni mmoja: hedi na mfumo wa maji, kisha chesisi na breki, kisha bodi, kisha rangi. Kazi hiyo inaweza kuanza bila safari ya Dar es Salaam. Inaanza na ndoo chini ya bati, mvua ijayo ikinyesha.